Mafuta ya Kwato

Baba yangu alikuwa saisi. Neno hilo nimewaeleza watu wa Kyela maisha yangu yote, na bado wapo wanaodhani nazungumzia cheo cha kanisani. Saisi ni mtunza farasi. Anamlisha, anamsugua, anamfunga tandiko mgongoni, anamtuliza akishtuka. Baba aliifanya kazi hiyo ujana wake wote katika shamba la chai la mzungu mmoja kule juu milimani. Mzungu alipofungasha virago kurudi kwao, farasi waliuzwa, na baba akapewa tandiko moja la ngozi pamoja na hatamu zake, yaani ile mikanda ya kichwani na ya kumwongozea mnyama. Alishuka navyo Kyela amevibeba kichwani. Watu walidhani amebeba kiti kilichovunjika miguu.

Huku kwetu bondeni farasi hakai. Kuna joto, kuna mbu, maji yamejaa kila mahali na mpunga unafika hadi mlangoni. Kwa hiyo tandiko halikugusa tena mgongo wa mnyama. Mama, ambaye alijua njia moja tu ya kuhifadhi kitu cha thamani, alilifunga kwenye gunia akalipandisha kichanjani juu ya jiko, pale pale alipoweka mbegu za mahindi na maharage, ili moshi ulilinde. Moshi ulililinda kweli, wadudu hawakulila. Ila ngozi si mbegu. Miaka ishirini ya moshi ilikausha mafuta yote yaliyokuwa ndani yake, na hakuna aliyejua, kwa sababu mama alikwisha kufariki na baba alikuwa haoni.

Hilo la macho lilikuwa siri ya nyumba yetu. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimfunika jicho la kushoto, kisha la kulia, na wakati ninaousimulia alikuwa akitofautisha mwanga na kivuli, basi. Alikuwa amelinda ghala la mpunga miaka mingi. Ilipofika ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa kila mtu, wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao hadi shambani, ghala likabaki na popo, na walinzi wote wakaambiwa waende nyumbani. Baba peke yake aliamini kwamba amepunguzwa kazi kwa sababu ya macho. Tangu hapo hakutaka mtu yeyote ajue. Tukitoka, mimi nilitangulia hatua mbili nikiongea bila kupumzika, yeye akifuata sauti yangu. Niliongea juu ya bei ya sabuni, juu ya tope, juu ya kuku wa jirani. Mtaani kwetu, Bondeni, nilijulikana kama mwanamke mwenye domo, na sikuwa na jinsi ya kujitetea.

Nyumbani hakukuwa na haja ya mchezo huo. Nyumbani aliniuliza tu. Kumekucha? Shati limegeuzwa? Kubwa kuliko yote lilikuwa samaki. Baba alipenda mbasa, samaki wa ziwani mwenye nyama tamu na miiba isiyo na huruma. Nilimchambulia, namwekea kipande sahanini, naye kabla ya kukitia mdomoni aliuliza, "Kuna mwiba?" Nikisema hakuna, alitafuna moja kwa moja bila kuhofu. Sijawahi kuaminiwa na mtu namna ile tena, na nimeolewa mara mbili.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nilikuwa na kibaraza changu, na kwa miaka michache nilishona sare na magauni ya harusi. Halafu marobota ya mitumba yakaingia. Nani angengoja gauni siku nne wakati sokoni kuna rundo la kuchagua? Nilikaa kwenye cherehani yangu nikitazama wateja wangu wakipita na blauzi za watu wa Ulaya, nikawachukia mmoja mmoja kwa jina. Nilikuwa mtu wa hasira wakati ule. Bado niko hivyo, na sitajifanya mwingine hapa kwa kuwa naandika.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku waendesha baiskeli walipoleta habari kutoka Kasumulu, mpakani, kwamba lori limevuka daraja kutoka Malawi na ndani yake kuna farasi watatu. Baba alikuwa amekaa mlangoni akipukuchua mahindi. Mikono ilisimama.

"Farasi?" aliuliza. "Farasi au punda?"

"Farasi, mzee. Wakubwa kama ng'ombe, ila shingo ndefu."

Alisimama akaniomba shati lake jeupe.

Tulimkuta meneja aliyekuja na farasi hao nyuma ya ofisi za forodha, katika banda tupu la mahindi. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa buti, jasho linamtoka. Watu waliolinunua lile shamba la chai la zamani kule juu walimwajiri alifufue, na walitaka farasi wa kuwapandisha wageni milimani. Sasa cheti cha afya ya wanyama hakijafika, dereva wa lori amewashusha farasi na kurudi kwao, na saisi waliyekuja naye amezuiwa upande wa pili kwa kukosa karatasi za kusafiria. Meneja alibaki na wanyama watatu asiowajua vizuri na umati wa watu unaocheka. Farasi jike mwekundu alikuwa akiinua mguu wa mbele na kuushusha, na kila akiinua, watu walirudi nyuma.

Nilikuwa bado naongea, namwelekeza baba kwa sauti, alipoacha kunifuata. Alimfuata farasi. Alitembea wima moja kwa moja akiongozwa na harufu, akaweka kiganja kwenye shingo ya yule jike kana kwamba alimwacha hapo jana. Akateremsha mkono begani, kwenye goti, hadi chini, akaegemea kidogo, na mnyama akampa mguu.

"Kuna jiwe," alisema baba. "Nipeni kijiti kigumu."

Alilichokoa akalitoa. Yule jike akashusha pumzi ndefu na umati ukanyamaza. Nilimtazama baba yangu, nikaona mtu ambaye sikuwahi kumjua, mtu mwenye kazi yake. Nilitaka kulia.

Meneja alimuuliza ametoka wapi, baba akamweleza. Ndipo meneja akasema shida yake nyingine. Matandiko yalikuwa kwenye kasha lililoachwa nyuma, Mungu ajue litafika lini. Cheti kiliahidiwa kufika baada ya siku kumi, siku ya Jumamosi, na kwa kuwa lori limekwenda, farasi watapanda mlima kwa miguu. Yeye angetaka kumpanda mmoja na kuwaongoza wengine.

"Tandiko ninalo," baba alisema.

"Zima?"

"Nitalileta likiwa zima."

"Basi mzee, lilete Jumamosi. Umfunge huyu jike, nimjaribu hapa uwanjani. Mambo yakienda sawa unapanda nami siku hiyo hiyo, wewe ndiye mkuu wa zizi. Nyumba ya mfanyakazi ipo, matibabu yapo, tunawapeleka watu hadi Mbeya."

Baba alisikia neno zizi. Mimi nilisikia neno Mbeya. Hospitalini kule walikuwa wakipasua mtoto wa jicho, nilikuwa nimeulizia mara mbili na kurudi kimya, pesa hatukuwa nazo. Kama angepata kazi hii wangempeleka, na kama wangempeleka angeona. Ilibidi tu asigundulike kabla ya hapo. Kwa siku kumi hizo sikuwaza kitu kingine, hata kanisani.

Tuliliteremsha tandiko siku ile ile. Gunia lilikuwa jeusi kwa masizi. Baba alinifanya nifungue kila bizimu na kuvua kila mkanda mpaka vipande vyote vikawa vimelala juu ya mkeka, akavigusa kimoja kimoja akivitaja. Hatamu. Lijamu, kile chuma kinachoingia mdomoni. Vikuku vya kukanyagia. Mkanda mpana wa tumboni. Kisha akainua ubawa wa tandiko na kunishikisha zile kamba za ngozi zinazoning'inia chini yake, tatu kila upande, ambazo ndizo zinazoshika mkanda wa tumbo.

"Hizi hakuna anayeziona," alisema. "Mpanda farasi anatazama kiti kinang'aa. Lakini roho yake inaning'inia hapa. Mkanda unafungwa kwa kamba mbili, ya tatu ni ya akiba."

Aliniambia ngozi haiangaliwi, inakunjwa. Unaikunja kwa nje, sikio karibu. Ikinyamaza, hai. Ikitoa sauti, imekufa au inakufa. Tulikunja kamba zote sita, na zote zilitoa sauti, kavu, ya chini.  Nilimwona baba akihesabu siku kwa vidole.

Tulianza na kusafisha. Sabuni ya mche aliikataa, alisema inaikausha ngozi kuliko jua. Tulitumia kipande cha sabuni laini ya kuogea kutoka Malawi, kitambaa kilichokamuliwa hadi kibaki na unyevunyevu tu, na povu kidogo. Yeye alisugua kwa mzunguko, mimi nilifuata nikitazama.

"Bado nyeupe?"

"Bado, hapa kwenye mshono. Ni koga, ukungu wa unyevu."

"Na sasa?"

"Imetoka."

Uchafu wa mafuta ya zamani, mweusi, ulioganda kama lami, aliukwangua kwa ukucha wa dole gumba. Niliona aibu jinsi nilivyokuwa na haraka. Mimi fundi wa nguo, niliyezoea kumaliza kitu jioni, nilikaa siku mbili juu ya hatamu moja. Na kukausha ndiyo ilikuwa adhabu. Ngozi iliyolowa haianikwi juani wala haiwekwi karibu na moto. Inakauka kivulini, kwa upepo. Kyela mwisho wa masika upepo ni maji matupu. Kila asubuhi tulikuta koga jipya limeota pale tulipofuta jana, na kila asubuhi baba aliuliza, na ilinibidi nimwambie.

"Tunahitaji mafuta," alisema siku ya tatu. "Na si mafuta yoyote. Ya kwato."

Mafuta ya kwato ndiyo aliyoyatumia milimani. Unachukua miguu ya ng'ombe, kuanzia chini ya goti, kwato zikiwamo, unaichemsha kwa moto mdogo siku nzima bila maji kuruka. Juu huelea mafuta membamba ya rangi ya asali. Unayaengua, unayachuja kwa kitambaa, unayaacha yatulie. Mafuta ya tumboni huganda, haya hayagandi hata asubuhi ya baridi, ndiyo maana ngozi huyanywa. Nilimuuliza kama mawese hayafai. Sisi wa Kyela mawese tunayatia katika kila kitu. Tunapikia, tunampaka mtoto, tunapaka bawaba ya mlango ikilia, na galoni lilikuwa pale pale jikoni, limejaa.

"Mawese ni chakula," alisema baba. "Ukipaka ngozi chakula, panya ataila. Usithubutu."

Miguu minne ya ng'ombe haikuwa rahisi kupatikana wakati ule. Mchinjaji wa sokoni alichinja mara moja kwa wiki na miguu ilikuwa na wenyewe, watu wa supu. Lakini kwetu mtu mzima akifa ng'ombe huchinjwa, na nikasikia kuna msiba kijijini Ngonga. Marehemu sikumjua. Nilibeba mchele kidogo kwenye kikapu, nikavaa kitenge cheusi, nikatembea kwenye majaruba na tope hadi huko.

Nililia pamoja na wanawake kama inavyopasa. Kisha nikainuka nikaenda upande wa wanaume, kule wanakochinjia, nikaomba miguu. Hata sasa nikikumbuka natamani ardhi ipasuke. Wanaume walitazamana. Mmoja akauliza kama ninafungua hoteli. Mama mmoja mtu mzima alikuja nyuma yangu, akasema kwa utaratibu, bila kunikaripia:

"Mwanangu, umekuja kulia au umekuja sokoni?"

 Nilianza kulia tena pale pale, safari hii kweli, kwa ajili ya baba, kwa ajili yangu, kwa tope lile lote. Nadhani kilio hicho ndicho kilichowafanya wanipe. Nilisema ndaga, ndaga fijo, asante sana, nikaifunga miguu minne kwa majani ya mgomba, nikarudi nayo kichwani, inzi wananifuata njia nzima.

Tulichemsha siku nzima. Tulipata mafuta yasiyojaza hata chupa moja ya soda. Baba aliyanusa, akapaka tone moja kwenye kiganja, akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mama afariki. Alipaka hatamu mwenyewe, upande wa ndani ambako ngozi ina nyuzinyuzi, kidogo kidogo, anapaka, anangoja inywe, anapaka tena. Kesho yake alikunja ukanda wa hatamu karibu na sikio langu.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Ee. Imefufuka."

Lakini chupa iliisha kwenye kiti na ubawa wa kushoto. Zilibaki siku nne. Ubawa wa kulia na kamba zake tatu zilikuwa bado zinalia kila zikikunjwa. Baba alisema niende nikatafute miguu mingine. Nilisikia kuna msiba mwingine, hukohuko Ngonga, nyumba ya tatu kutoka ile ya kwanza. Nilitoka nyumbani na kikapu. Nilifika hadi kwenye daraja la magogo, nikamwona yule mama mtu mzima kwa mbali akiwa na wenzake, nikageuka. Sikuweza. Nilikaa chini ya mgomba hadi mchana, nikirusha udongo kwenye maji, nikimlaani mzungu na tandiko lake, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Na nikatia mawese. Nilichukua ile chupa ya soda, nikamimina mawese niliyoyapasha moto hadi yakawa membamba, nikachanganya na masalio ya mafuta ya kwato yaliyobaki kwenye kitambaa, ili yanuke. Nilimwambia baba nimepata kidogo, nitapaka mwenyewe upande wa kulia, yeye apumzike mgongo. Aliuliza kama ni ya kwato.

"Ya kwato," nilisema.

Ngozi iliyanywa vizuri mno. Ilipendeza kuliko upande wake, nyekundu iliyokolea, laini. Nilijiambia wazee wana imani zao. Hata nilijisifu kidogo kimoyomoyo.

Ijumaa asubuhi niliingia chumbani nikakuta kwenye mkeka vipande vidogo vya ngozi, vimetawanyika kama makapi ya mpunga. Panya walikuwa wameinua ubawa wa kulia kwa pua zao wakaingia chini. Kamba ya kwanza ilikuwa imekatwa katikati. Ya pili ilikuwa imeliwa pembeni juu kabisa, pale inaposhonewa kwenye tandiko, imebaki upana wa kidole kidogo. Ya tatu tu ilikuwa nzima. Nilipiga magoti pale nikaziba mdomo kwa kitenge nisisikike. Baba alikuwa sebuleni akiimba kwa kunong'ona wimbo wa kanisani, akisugua vikuku kwa majivu na limao.

Ningeweza kwenda kumwambia. Nimeitazama asubuhi ile mara nyingi sana, na kila mara mlango uko wazi, naye yuko hatua sita kutoka kwangu. Badala yake nilichukua sindano yangu kubwa na uzi wa magunia, nikaushona ule upande ulioliwa, mshono mzuri, wa karibu karibu, wa fundi. Kamba iliyokatwa niliiondoa kabisa. Juu ya mshono nilipaka masizi na mafuta hadi usionekane. Nilijua hautashika. Mimi ni fundi, najua uzi unaposhona kitu kilichokufa. Lakini nilipiga hesabu yangu. Ni uwanja tu pale Kasumulu, mzunguko mmoja au miwili, meneja atashuka, baba atapata kazi, na kamba nitaibadilisha kabla hawajaondoka, au wakifika milimani, au siku yoyote nyingine. Mlima wenyewe, na malori yanayoteremka kwenye kona zake, sikutaka kuufikiria.

"Kamba zote nzima?" baba aliuliza kutoka sebuleni.

"Nzima, tata," nilijibu, nikimwita baba kwa lugha ya nyumbani.

"Upande wa kulia ulizikunja?"

"Nilizikunja."

"Zimenyamaza?"

"Zimenyamaza."

Akaendelea kuimba.

Jumamosi cheti kilikuwa kimefika kweli. Meneja alikuwa amenyoa ndevu, amefurahi. Watu walijaa kuliko mara ya kwanza, wafanyabiashara waliacha meza zao. Niliongea njia nzima kutoka kwenye gari hadi bandani, sikumbuki nini. Baba alimsalimia yule jike kwanza, kisha meneja. Alitandika blanketi mgongoni, akalilainisha kwa viganja vyote viwili kutafuta hata punje ya mchanga. Akaweka tandiko mbele kidogo, akalirudisha nyuma kufuata laini ya manyoya. Hakuna mtu pale aliyeota kwamba haoni. Meneja aliniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wako ni hazina." Nikaitikia kwa kichwa.

Tulikuwa tumepanga kwamba mimi nitafunga upande wa kulia, yeye wa kushoto. Nilifunga mkanda kwenye ile kamba nzima na ile niliyoishona. Yeye akapitisha mkanda chini ya tumbo, akakaza upande wake taratibu, shimo kwa shimo, akimsemesha mnyama. Meneja alishika hatamu na kuinua mguu.

"Ngoja, bwana," baba alisema. "Napitisha mkono."

Ilikuwa kawaida ya masaisi ambayo hakunieleza, au alinieleza nisisikie. Anayefunga hamruhusu mtu kupanda kabla hajapitisha mkono pande zote mbili, hata kama amefungiwa na nani. Alizunguka mbele ya farasi, kiganja kifuani kwake, akaja upande wangu. Nilikuwa nimesimama pale pale, na alinigusa bega kunisogeza. Akaingiza mkono chini ya ubawa.

Niliona vidole vikipanda. Vilifika kwenye mshono vikasimama. Vikaupapasa mshono wote, mwanzo hadi mwisho, na mtu aliyevaa nguo nilizomshonea miaka kumi aliujua mkono uliouweka. Kisha vikatafuta kamba ya tatu vikakuta haipo. Akautoa mkono akaupeleka puani, akanusa. Uso wake haukubadilika. Alikaa hivyo kitambo kifupi, farasi akipumua, na mimi nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia moyo wa mmoja wetu.

Ningesema wakati huo. Mdomo niliufungua.

"Bwana meneja, usipande," baba alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Kamba ya huku imeliwa na panya. Nilitengeneza mimi, na sikuona."

"Hukuona vipi, mzee? Si umeandaa siku kumi?"

"Sioni, bwana. Macho yamekufa mwaka wa tatu huu. Nilikuficha."

Meneja alimtazama. Akapitisha mkono mbele ya uso wa baba, mara moja, mara mbili, na baba akaendelea kutazama pale alipokuwa akitazama. Mtu mmoja nyuma akaguna. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema pole, mzee, akasema kwa kweli hawezi, wanyama hawa si wake, na kule juu kuna wageni. Baba alisema anaelewa. Alimfungua yule jike mwenyewe, bila haraka, akamvua tandiko, akamsugua mgongo pale blanketi lilipokaa. Baadaye farasi waliondoka wakiongozwa kwa kamba na vijana wa kukodi, na tukasikia kwato kwenye lami hadi zikaisha.

Kurudi nyumbani sikuwa na haja ya kuongea. Kila mtu alijua sasa. Baba aliweka mkono begani kwangu mbele za watu, kwa mara ya kwanza, na mimi nikabeba tandiko kichwani. Tulipovuka kizingiti chetu nikalitua chini.

"Tata," nilisema, "ni mimi."

"Najua. Linanuka mawese."

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

Alitafuta kiti kwa mguu, akakaa. "Wewe una miaka mingi ya kuishi na watu hawa," alisema. "Mimi sina."

Hakunigombeza. Nilimngojea anigombeze, nilitamani hata anipige. Aliomba maji akanywa. Alisema tandiko lisirudishwe kichanjani, liachwe hapo karibu naye, na tangu siku hiyo alilipaka mafuta mwenyewe, kila mara mchinjaji alipomgawia mguu.

Jioni nilipika mbasa. Nilikuwa nimepewa na jirani aliyesikia yaliyotokea. Nilichambua kwa uangalifu kuliko siku zote, nikarudia, nikashika kila kipande dhidi ya mwanga wa mlangoni. Nikamwekea sahani mbele yake, nikakaa, nikangoja aulize. Jibu nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa la kweli.

Alichukua kipande. Akakipasua kwa vidole, akakipapasa chote polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyoupapasa ule mshono. Hakukuwa na mwiba. Akakipapasa tena, ndipo akakitia mdomoni.

Aliishi miaka saba baada ya hapo, nami nilimpikia kila siku. Hakuniuliza tena.